Tulivyomtafutia Ramazani Watu wa Kumsikiliza

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya mlango wangu hapa mtaa wa Kabondo, Kisangani, anasimamisha baiskeli na kuniuliza jambo lile lile. "Mama Zaina, ilikuwa namna gani? Mulienda mpaka Yanonge, sasa Ramazani alishindwa je na mutu wa baa?" Wa kwanza nilimjibu, wa pili nilimjibu, wa tatu nikamfungia mlango. Basi naandika. Someni wenyewe, halafu mniache niuze mikate yangu kwa amani. Msitafute majigambo humu, hayamo.

Kwa asiyemjua, Ramazani ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni infirmier, muuguzi wa hospitali, Mungwana, yaani Mwislamu wa hapa hapa mjini, mtu wa swala na kalamu mfukoni. Uhuru ulipokaribia, chama chetu kilitaka mtu mmoja wa kusimama kwa jina lake katika uchaguzi wa upande wetu, na kila tawi, hata yale ya kando ya mto, lilete wajumbe Kisangani kumchagua. Walijitokeza wawili. Ramazani alitaka mambo ambayo wenzake waliyasema kwa kunong'ona: kulima pamba kwa lazima kuishe, fimbo iishe, chifu achaguliwe na watu wake, mwanamke naye apige kura. Mwingine alikuwa Alfonsi, mwenye baa. Alfonsi alitaka kiti.

Mimi niliingia safarini kwa sababu ya ulimi. Baba yangu alikuwa Mungwana, lakini mama yangu alikuwa Mlokele, mtu wa mto, kutoka kijiji cha jirani na Yanonge. Ramazani hajui Kilokele hata cha kuombea maji. Kwa hiyo nikawa mdomo wake.

Kisangani, siku ya kuondoka

Tulitangaza mkutano wa kuagana pale karibu na bandari. Asubuhi hiyo hiyo ikasikika kwamba ndege inaleta wakubwa kutoka Léopoldville, na mji mzima ukakimbilia kiwanja cha ndege cha Simi-Simi kuwaangalia wakishuka ngazi. Tukabaki sisi, wanawake wawili wanaouza majani ya sombe, na mlevi mmoja aliyelala kwenye magunia. Ramazani alihutubia vile vile, tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuruka neno.

Na hotuba zake mnazijua. Anasema na watu kama anasema na mgonjwa kitandani, polepole, na anaanza kwa "mtanisamehe". Nilimwambia, "Shemeji, huku si hospitali. Pandisha sauti kidogo, batu basikie."

"Nikipiga kelele, Yaya, watasikia kelele," akanijibu, akiniita dada mkubwa kama mke wake anavyoniita.

Jibu zuri hilo, la kuandikwa ukutani. Lakini Alfonsi alikuwa na haut-parleur ya kupaza sauti, gramafoni na mapipa ya bia, na tayari alishatangulia mtoni kwa masua yake ya kukodi. Sisi masua yetu ilikuwa imefungwa kamba, maana kapiteni naye alikwenda Simi-Simi kuangalia ndege. Alirudi jua linainama, amechangamka, anatusimulia rangi ya suti za wakubwa kana kwamba ndicho tulichomngojea. Nilimtukana kwa Kilingala. Ramazani akamwuliza hali ya mguu wake, kwa kuwa aliona anachechemea.

Kisiwa cha wavuvi

Kesho yake masua ikapanda juu ya mchanga. Kapiteni akasema tungoje maji, maji yakasema tungoje kapiteni. Tukateremka kwenye kisiwa ambako wavuvi wamejenga vibanda vyao, nao wakatupokea vizuri sana. Nikawaza, hawa ndio watu wetu: hawana redio, hawana bia ya Alfonsi, hawana pa kukimbilia. Watamsikiliza wakitaka wasitake.

Wakatupikia makako. Nyama ya kima, kwa lituma moto, ndizi zilizopondwa vizuri hadi zinang'aa mafuta. Ramazani akaitazama sahani, akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole kwamba yeye anakula samaki tu. Kwa Mungwana hilo ni jambo la dini, limekwisha. Kwa watu wa mto, mgeni anayekataa nyama na kuomba kitu kingine anasema jambo moja tu: naogopa mtaniroga. Mwenye nyumba aliacha kula. Mke wake akaondoa sahani bila kuinua macho.

Nikaeleza kwa Kilokele kwamba ni sheria ya Waislamu. Mwenye nyumba akaniuliza, "Na weye haiko Mungwana?" Wakati huo mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nilitazama pembeni nikameza. Msicheke, mngekuwa ninyi mngekula vile vile, mama yangu alinilea kwa nyama hiyo.

Baada ya hapo Ramazani alizungumza nao juu ya pamba na fimbo. Walimsikiliza jinsi unavyomsikiliza mtu usiyemwamini, jicho moja kwake na jingine kwenye nyavu. Maji yalipopanda na sisi tukapanda.

Yanonge, bia ilitutangulia

Yanonge tulifika na kukuta soko limelala. Alfonsi alikuwa amepita siku moja kabla yetu. Aliweka gramafoni juu ya meza, akafungua mapipa, watu wakacheza mpaka wakachoka, na tulipofika sisi wanaume walikuwa wanashika vichwa. Mmoja alimwuliza Ramazani, kwa heshima kabisa, "Donc, papa, yenu iko wapi?" Alimaanisha bia. Ramazani akaeleza kwamba chama si kilabu cha pombe. Yule bwana akaitikia, akaaga, akaenda kulala.

Tulikaa pale kutwa nzima. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiita, na walikuja wazee wachache pamoja na Papa Botamba, mkubwa wa tawi la chama Yanonge, mtu mpole mwenye kofia ya kitambaa. Ramazani aliposema mwanamke apige kura, mzee mmoja akasinzia. Aliposema chifu achaguliwe, Papa Botamba akatazama nyuma yake kuona nani anasikia.

Jioni shemeji yangu alikaa juu ya sanduku, akavua miwani. "Yaya Zaina," akasema, "nasema uongo?"

"Hapana. Unasema ukweli."

"Alors mbona hakuna anayenisikia?"

Nilimpokonya miwani nikamfutia kwa kitenge, kwa hasira. Mkutano wa kuchagua ulikuwa karibu, na tulikuwa tumebakiwa na siku moja tu ya kukaa huku. Moyo uliniuma kumwona vile. Niliapa kimoyomoyo kwamba kesho nitamtafutia watu, hata kama ni kuwachimba ardhini.

Kijiji cha mama yangu

Tulilala kwa Tonton Lifoka, kaka wa mama yangu. Yeye ndiye mpiga lokole wa kijiji, ile ngoma ya gogo lililotobolewa, inayosema maneno. Ninyi wa mjini mnadhani ni kelele za harusi. Kwa Walokele lokole inaita watu kwa majina yao na ya baba zao, kijiji kinachosikia kinapokeza kijiji kingine, na habari inateremka na mto kabla hujamaliza kunawa uso.

Nikamwambia Tonton, "Mwitie shemeji yangu batu."

"Namwitaje?" akauliza. "Hana jina kwenye lokole."

Nayo ni desturi. Mgeni asiye na jina hapigiwi lokole. Kwanza anakaa, anakula na wazee, anawataja baba zake, wazee wanamtazama tabia, halafu wanampa jina la ngoma. Ndipo lokole inasema: njoni, fulani mwana wa fulani yuko hapa ana neno. Na watu wanakuja, kwa sababu mtu mwenye jina anastahili kusikilizwa. Tonton alisema tukae siku kadhaa na jambo litakwenda vizuri. Tena alishampenda Ramazani, ambaye saa ile alikuwa uani anamfunga mtu kidonda.

"Siku hatuna," nikasema. "Piga wito wa Leta."

Leta ni Serikali, wote mnajua, Serikali ya Wazungu. Wito wake kwenye lokole unajulikana kila kijiji, na ukipigwa hakuna anayeuliza nani amekuja wala kwa nini. Tonton alinitazama kama hakunifahamu. "Mutoto wangu, ile haiko ya kuchezea."

"Sichezi. Si infirmier wa hospitali ya Leta? Ni uongo gani hapo? Batu bakishakuja, batasikia maneno mazuri, batafurahi, kwisha."

Akakataa. Nikaona sasa nimshike pale ambapo hawezi kujitoa: kwa Walokele mtoto wa dada akiomba kitu kwa mjomba, mjomba hamnyimi, hata kuku wa mwisho. Nikasema, "Ni mimi mtoto wa dada yako nimeomba." Akainuka, akaenda kuchukua fimbo zake za ngoma. Mimi niliyajua hayo yote, desturi na uzito wake, na niliyatumia kama mtu anavyotumia panga. Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa nikiwa mdogo, na sikutaka kuikumbuka siku hiyo.

Alipiga alfajiri. Ramazani alikuwa anatawadha. Aliinua kichwa, akatabasamu, akasema ngoma hiyo ina sauti nzuri.

Mkutano

Watu walikuja. Walikuja kwa njia na kwa mitumbwi, kutoka vijiji vya pande zote mbili za mto, wanaume mbele, wanawake nyuma, kila mmoja mahali pake. Uwanja ulijaa mpaka kwenye migomba. Papa Botamba naye alikuwepo, kofia mkononi. Ramazani alitoka nyumbani, akawaona, macho yakamjaa machozi. "Yaya," akaninong'oneza, "bamekuja." Na mimi, nawaambia kweli, nilijiona mwanamke hodari kuliko wote wa Kisangani.

Akaanza. Mara ile hakusema "mtanisamehe". Alisema vizuri kupita siku zote, nami nikatafsiri kwa sauti yangu yote: pamba ya lazima iishe, asiwepo wa kumpiga mwenzake, chifu achaguliwe, mama achague kama baba, na wajumbe wenu wamchague Ramazani. Hakuna aliyekohoa. Nikadhani ni usikivu. Kisha nikaanza kuziona nyuso, na nyuso hazikuwa zinasikiliza, zilikuwa zinangoja.

Palikuwa na bibi mmoja mwenye mguu uliovimba, amesimama juani anatetemeka. Ramazani alimwona, akakatisha hotuba. "Mwambie akae." Nikamwambia. Bibi akasema amesimama vizuri. Nikamwambia tena. Akasema hivyo hivyo.

Ndipo mtu mmoja akatokea upande wa mto, anahema, suruali imelowa. Alikuwa mbali na alichelewa. Alipita katikati ya watu, akafika mbele ya shemeji yangu, akaweka chini kuku aliyefungwa miguu. Halafu akalala kifudifudi juu ya mchanga, akavuta shati mpaka mabegani, akatulia.

Ramazani akainama haraka. Alidhani mtu ameanguka. Alimshika mkono kupima mapigo ya damu, ndivyo anavyofanya kwa kila mtu. "Ana nini huyu? Zaina, muulize anaumwa wapi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Haumwi," nikasema. "Amechelewa."

"Amechelewa, na je?"

"Anangoja fimbo, shemeji."

Ramazani akauachia ule mkono. Alimtazama yule mtu, akatazama kuku, ndipo akaona kuku wengine na mayai yaliyopangwa pembeni kwenye majani, kama wanavyompangia mkubwa wa Leta. Akageuka kwangu. "Waliitwa na nani hawa?"

Nikamwambia. Sikuficha, wala sikuweza kumtazama. Kutoka utosini hadi kwenye nyayo nilikuwa aibu tupu. Sauti yake ikawa ile ile ya hospitali. "Mwambie huyu baba ainuke. Waambie wote kwamba mimi si mutu wa Leta. Waambie tumewakosea, tunaomba radhi. Wachukue vitu vyao waende nyumbani."

Nikasema yote, neno kwa neno. Hakuna aliyesogea. Mnamjua nani aliyewahi kuombwa radhi na Leta? Walidhani wanajaribiwa, kwamba wa kwanza kuondoka ndiye atakayekamatwa. Nikarudia. Jua lilikuwa kali, bibi alikuwa anakaribia kuanguka, mtu wa chini bado yuko chini na mgongo wake wazi. Nikashindwa kuvumilia. Nikapandisha sauti, nikasema kwa Kilokele sentensi fupi: Leta imekubali, Leta inasema nendeni.

Wakaondoka papo hapo. Yule mtu akainuka, akajifuta mchanga, akashukuru.

"Umewaambia nini mpaka wakasikia?" Ramazani akaniuliza.

"Nimewaambia waende," nikajibu. Na huo haukuwa uongo, ndugu zangu, lakini haukuwa ukweli pia, na wenyewe mnajua kwamba ulimi hauna mfupa.

Kurudi kwa mtumbwi

Hatukungoja masua. Tulikodi mtumbwi na wapiga kafi, tukapanda mto kinyume cha maji, polepole. Tonton Lifoka hakuja kutuaga. Alimtuma mke wake atupe samaki wa liboke katika majani, na mke huyo alimkabidhi Ramazani, mimi akanipita.

Kila kijiji tulichokipita, watu walisimama ukingoni. Wanaume walivua kofia. Lokole ilikuwa imeshapokezana habari, na sasa tulikuwa tunajulikana kuliko Alfonsi na bia yake yote. Safari nzima shemeji yangu alitafuta macho ya watu, sasa alikuwa nayo, na alijifunika kichwa kwa koti asiyaone. Mara moja alinyoosha mkono kuwapungia wanawake waliokuwa wanafua. Waliacha nguo majini wakasimama wima. Akaurudisha mkono.

Nikajaribu kuongea. "Shemeji, nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Wewe mwenyewe uliniuliza mbona hawakusikii."

"Najua, Yaya. Kula samaki, atapoa."

Ningependa angenitukana. Matusi yana mwisho wake, mtu anatukana, anachoka, mnaanza upya. Upole wake ulikaa nasi mtumbwini mpaka Kisangani.

Kabondo, ukumbi wa chama

Siku ya kuchagua, ukumbi ulijaa. Alfonsi alivaa suti nyeupe. Walianza wajumbe wa mjini, na karibu wote wakamtaja Alfonsi. Kama mlikuwepo mliona, na wengine wenu mlikuwa miongoni mwao, kwa hiyo msijifanye kushangaa mlangoni kwangu. Ramazani alikaa mikono magotini. Nilijua hana matumaini, na nilifikiri labda ni afadhali yaishe hivyo.

Kisha ikaja zamu ya matawi ya mto. Mjumbe wa kwanza akasema, Ramazani. Wa pili, Ramazani. Kijiji kwa kijiji, wale wa ukingo wa huku na wale wa ng'ambo, Ramazani, Ramazani. Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Mdogo wangu, mke wake, alinifinya mkono kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeanza kutokwa jasho.

Mwisho akasimama Papa Botamba wa Yanonge. Mwenyekiti akamwuliza, kwa mzaha wa kirafiki, huyu infirmier amewapa nini hata mto mzima uwe wake. Papa Botamba alijibu kwa Kiswahili chake, polepole, kama mtoto anayejibu mwalimu. "Hakutupa kitu. Sisi tulisikia amri ku lokole. Yeye njo mutu wa Leta. Tunamuchagua sawa vile bametuambia."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Alfonsi alicheka mpaka akafuta macho. Ramazani hakucheka, na hakunitazama. Alisimama, akangoja wanyamaze, na hawakunyamaza mapema. "Kura hizo za mto musizihesabu," akasema. "Wale watu hawakunichagua. Waliogopa. Mimi siwezi kuingia kwa mlango huo." Akatoka, mke wake nyuma yake.

Nilibaki nimekaa. Ndipo Papa Botamba akanijia. Alikuwa amechanganyikiwa, kofia anaizungusha mikononi. Alifikiri wamefanya kosa, na kosa la mbele ya wakubwa lina gharama yake.

"Mama Zaina," akaniambia kwa Kilokele, sauti ya chini, "tulifanya kama ulivyotuambia. Sasa yeye mwenyewe amekataa. Basi tuambie vizuri, tusikosee tena. Leta inataka tumchague nani?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia hakuna Leta, hapakuwa na Leta, nilikuwa mimi tu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia wakati mtu mmoja wa Alfonsi, anayesikia Kilokele, alipomshika Papa Botamba begani, akamwonyesha kwa kidole ile suti nyeupe mbele ya ukumbi. Papa Botamba akaitazama, akashusha pumzi, akamshukuru.